Kibiriti na Wimbo wa Mama Mkubwa

Mogaka, kaka,

Nianze na habari njema. Ndugu yako Ombati sasa ni mtaalamu. Kutoka hapa Kebirigo mpaka Nyamache, ukipitia Kisii mjini, hakuna kompyuta ambayo ikisikia hatua zangu haijiwashi yenyewe kwa heshima. Wale waliomaliza vyuo wakikwama wananitumia watu. Unamkumbuka mwalimu wetu wa kidato cha pili, yule aliyeniambia kichwa changu kimejaa uji? Juzi alikuja mwenyewe na simu yake nimwekee nyimbo, akaniita daktari. Nikamwambia afuate foleni. Foleni yenyewe ilikuwa yeye peke yake, lakini aliifuata.

Najua ungesema nini hapo. "Ombati, punguza." Ila huwezi. Mzee wa kanisa alitufundisha Sabato iliyopita kwamba waliolala hawajui neno lolote mpaka parapanda ilie. Kwa hiyo tangu tuzaliwe, leo ndiyo mara ya kwanza nitaongea mpaka mwisho bila wewe kunikatiza. Niache nifaidi.

Kibanda kipo. Mashine ya kusaga ya jirani bado inanguruma, na unga bado unapenya mbao na kulala juu ya kompyuta, kila asubuhi naifuta kama mtu anayemwosha mtoto mkaidi. Kiti chako nakikalia mimi. Nimekiwekea mto, maana mgongo wa mtaalamu si mgongo wa kuchezea. Migomba iliyo karibu nawe pale nyumbani imezaa, na tumezila ndizi zake. Zilikuwa tamu. Usijisikie vibaya, ungekuwa wewe ungekula mbili zaidi.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya ndizi. Nimesalitiwa, kaka. Nimesalitiwa na programu ya kompyuta, nimesalitiwa na kijana mmoja wa Kisii mjini mwenye viatu vyeupe, na wewe pia umo. Usijifanye umelala.

Unakikumbuka Kibiriti? Swali gani hilo, wewe ndiye uliyekipa jina. Kale kaprogramu ka kuchezea nyimbo, kadirisha ka kijivu kadogo kama kibiriti, kanakaa pembeni ya skrini kama mtu mwenye adabu anayekaa karibu na mlango. Ukikigusa kimefunguka, hujapepesa jicho. Kitufe cha kucheza, cha kusimamisha, cha mbele, cha nyuma, na zile fimbo za kijani zinazorukaruka wimbo ukikolea. Basi. Hakikuuliza jina la mtu. Hakikutaka bando. Unakivutia folda, kinacheza cha kwanza mpaka cha mwisho, kinanyamaza. Kompyuta yetu ilikuwa mzee wa kutembelea fimbo, lakini kwa Kibiriti ilitembea kama bwana harusi.

Na folda zako! Kwaya. Harusi. Za Wazee. Obokano. Ile nyingine uliyoiita Za Kumwamsha Ombati, ambayo ulinifungulia kwa sauti ya kutingisha mabati kila nikisinzia, wateja wakicheka mpaka wanasahau walichokuja kufanya. Mtu akija na flashi yake humuulizi anataka msanii gani. Unamuuliza, "Ni ya kulia au ya kucheza?" Akikujibu, unajua umpe nini. Nimejaribu kuuliza vile mimi. Mama mmoja akanijibu, "Ya kusikiliza, kwani wewe unaiuza ya kunusa?"

Kila Ijumaa jua likianza kushuka ulivuta folda ya Kwaya, ukaacha wimbo mmoja uishe, ukazima kila kitu. "Hata Kibiriti kinaijua Sabato," ulikuwa unasema. Kisha kufuli, tukaelekea nyumbani.

Sasa nifike kwenye obokano. Naona hata kuandika jina lake mkono unasita, kama Mama Mkubwa ananichungulia begani. Wewe mwenyewe unajua alivyozichukia zile nyuzi nane. "Hicho kitu cha walevi kisivuke mlango wangu." Mtu wa kanisa, mke wa mtu wa kanisa, na mwanawe wa kiume anapiga chombo alichokipiga babu yake kwenye pombe. Ukakificha kibandani nyuma ya spika kubwa, ukikifunika gunia. Na siku ile mvua ilipowafukuza watu wote sokoni, ukakifunua, ukaniambia, "Shika simu, nirekodi."

Nilishika. Ukaimba kwa Kigusii chetu kile cha ndani kabisa. Ulimwimba mama yako. Jinsi anavyochuma chai, vidole vinakimbia kama vya mtu anayemkuna mtoto mgongo. Jinsi alivyokukataza nyuzi, na mikono ya kuzipigia alikupa yeye. Halafu ukamchokoza, ukasema kwamba obokano ikilia mbali huko kwa majirani, mdomo wake unakemea lakini kidole gumba cha mguu kinafuata mdundo chini ya leso. Hapo nilishindwa. Nilicheka, simu mkononi. Ukakohoa, ukacheka na wewe, ukasema, "Ombati, utaniharibia," ukaendelea mpaka mwisho. Mashine ya kusaga inasikika nyuma, mvua inasikika juu. Uliuhamishia kwenye kompyuta, ukauandika "Mama". Neno hilo tu. Hukuandika hata jina lako.

Jioni ile ulimwambia, "Mama, nimekuimba." Akakujibu bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Kamwimbie Mungu."

Ukaniambia hutamchezea mpaka aulize mwenyewe. Hakuuliza. Wewe nawe ukaugua, ukasema ni homa tu. Ulitembea mpaka hospitali umeshika bega langu, na pale mlangoni ukaniambia, "Usifunge kibanda, jioni nakuja." Sikufunga, kaka. Nilikuwa nimeshikilia kipanya, nikimwekea mtu nyimbo za harusi, waliponijia kuniambia.

Kwa hiyo unaelewa nilibaki na kazi gani. Kulinda wimbo mmoja mpaka Mama Mkubwa aulize. Kazi hiyo hata mtoto anaiweza. Unakaa, unasubiri.

Na mambo yakaanza kubadilika. Vijana sasa wana nyimbo zote za dunia kwenye simu, wanalipia bando na kusikiliza humo humo. Wanaokuja na flashi ni wazee, wapishi wa harusi, na yule fundi wa baiskeli asiyeamini intaneti kwa sababu haionekani. Vijana wakipita wanakiangalia Kibiriti na kuniuliza, "Ombati, hii kitu ilitoka kwa Nuhu?" Mtu wa hadhi yangu, kaka! Daktari! Unadhani nilijisikiaje?

Ndipo akaja huyo wa viatu vyeupe. Anaitwa Deno. Alikuwa akizunguka masoko akiuza programu mpya ya muziki na intaneti ya kuanzia. Alisimama mbele ya kompyuta yetu, akakitazama Kibiriti kama mtu anayetazama jino bovu. "Boss," akaniambia, "hii ni ya makumbusho. Mtu mwerevu kama wewe anafungiwa na kitu kama hiki?"

Aliniita mwerevu. Ungekuwepo ungenikanyaga mguu. Hukuwepo.

Akaiweka hiyo programu yake. Niliiita Meneja, maana ilivyoingia tu ilianza kutoa amri. Ni nyeusi, ina picha za wasanii kubwa kama mabango ya kampeni. Kufunguka kwake, unamenya ndizi, unaila, unatafuta pa kutupa ganda, ndipo inakwambia subiri. Ikataka jina langu. Ikataka barua pepe. Ikataka siku niliyozaliwa, kama mtu anayetaka kunioza binti yake. Ikaniuliza napenda muziki gani, nikabonyeza injili, ikanichezea mambo ambayo siwezi kukuandikia wewe uliyelala kwa heshima. Mke wa mzee wa kanisa alikuja kutaka nyimbo za kambi. Katikati ya ubeti, Meneja akamkata na kumtangazia bia. Bia, Mogaka! Mama wa watu akashika kifua. Nikamwambia ni sauti ya redio ya jirani. Intaneti ikiyumba, Meneja ananuna, hataki hata kucheza wimbo ulio ndani ya tumbo la kompyuta hiyo hiyo. Yaani uombe ruhusa Ulaya ndipo usikilize kwaya ya hapa Kebirigo.

Lakini vijana walianza kusimama mlangoni. "Sasa umeamka," wakaniambia. Nikavimba. Nikakifuta Kibiriti.

Halafu Ijumaa moja, jua liko pale juu ya mashamba ya chai, bado kidogo litue. Nimeshashika kufuli. Mama Mkubwa ametuma mtoto kuniita, anapiga kelele njiani, "Ombati, Sabato!" Mara Meneja akaleta maandishi kwenye skrini, Kiingereza kirefu. Kwamba amekagua nyimbo zangu, amekuta nyingi hazisikiki vizuri, kwamba anazo zilizo safi zaidi, je, abadilishe na kuziondoa zile za zamani? Chini pana vitufe viwili. Kusoma ningesoma, unajua kichwa changu. Lakini jua halimsubiri mtaalamu. Niliona "safi zaidi", nikabonyeza ndiyo, nikasema nitaangalia Jumapili. Nikazima skrini, kompyuta nikaiacha ikifanya kazi yake, nikafunga.

Asubuhi ya Sabato napita kibandani na Biblia yangu kwapani, shati limenyooshwa, nasikia kitu. Kompyuta inalia ndani ya mabati. Feni inavuma kama mashine ya kusaga siku ya soko. Nikasimama. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, naugusa kwa vidole. Kuvuta waya ukutani tu, kaka, kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini Sabato yetu sisi unaijua. Kuwasha ni kazi, na kuzima ni kazi. Nyuma yangu mzee wa kanisa akaja na familia yake. "Sabato njema, Ombati." Nikajibu, "Sabato njema, mzee," nikatoa mkono mfukoni, nikaenda nao. Siku hiyo niliimba besi kuliko siku zote. Watu walinipongeza. Na huku nyuma Meneja anakula.

Jumapili nikafungua, na nikuambie ukweli, nilifurahi. Kila kitu kinang'aa! Nyimbo za harusi zimepata picha. Kwaya zimepata picha. Zile za obokano za wazee nyingi hakuzigusa. Hakuzijua, hazimo kwenye dunia yake, akazidharau, na dharau ikaziokoa. Nikacheka. Nikajisifu peke yangu kibandani. Sikuukumbuka wimbo unaoitwa "Mama". Ungefikiri ni watu wangapi duniani wameimba wimbo ukaitwa "Mama"?

Na ni siku hiyo, kati ya siku zote ambazo angeweza kuchagua, Mama Mkubwa alipokuja. Alikuwa amepeleka mahindi kusaga. Akaingia, akakalia lile benchi, akaweka debe chini. Tangu tukuzike hakuwahi kuvuka mlango ule.

"Ombati."

"Naam, Mama."

"Ule wimbo."

"Wimbo upi, Mama?"

"Usinifanye niutaje."

Nilielewa. Nilifunga mlango ili watu wasimwone. Nilikuwa nasema moyoni, Mogaka, ameuliza, ameuliza mwenyewe! Nikaandika "Mama", ikaja, nikabonyeza.

Zikalia ngoma. Vinanda. Sauti nene ya mtu wa nchi sijui gani, katika lugha ambayo hata sijui inaanzia mdomo upi, anaita mama, mama. Safi kabisa. Inasikika kama amesimama pale kati yetu. Sikuweza kuizima. Mama Mkubwa ameweka mikono magotini, anasikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho, unavyomjua kwa adabu. Kisha akasema, "Anaimba vizuri huyu kijana. Mama yake amebarikiwa. Lakini huyu si wangu."

Akachukua debe lake akaondoka.

Nilimpigia Deno. Nilimwambia programu yake ni mwizi. Akanijibu kwa sauti ile ya viatu vyeupe, "Boss, si iliuliza? Si ulikubali mwenyewe? Na umepewa iliyo safi kuliko yako." Nikamwambia yangu ilikuwa na mvua ndani. Akasema, "Sasa nani anataka mvua?" Akakata. Tangu hapo simu zangu hashiki. Mtu aliyeniita mwerevu.

Jumapili iliyofuata Mama Mkubwa alirudi. Hiyo niiruke kwanza, mkono umechoka.

Nikaanza kutafuta kopi. Maana wewe, Mogaka, kila nilipokuuliza kompyuta ikifa tutafanyaje, ulinijibu maneno mawili, "Kopi ipo." Ipo wapi? Hukuwahi kusema. Nikakung'uta lile kopo la misumari, nikachomeka kila flashi na kila memori kadi. Nikageuza godoro lako. Nikaitingisha obokano yenyewe nikisikiliza kama kuna kitu tumboni. Nilikwenda mpaka Nyamache kwa yule mzee wa kuendesha harusi mliyekuwa mnabadilishana nyimbo naye. Alinipa chai, akanichezea kila kitu alichonacho, akanisimulia ujana wake wote, na wimbo hana. "Mogaka? Ule wa mama yake? Alikataa kunipa. Alisema bado una mwenyewe."

Basi nikaenda Nyansiongo kwa Kerubo. Najua, ningeanzia huko. Lakini tangu mke wako arudi kwao nilikuwa sijaenda kumwona, na mtu anayechelewa kwenda huzidi kuchelewa. Nilimkuta anamimina maziwa kwenye mkebe. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Ombati, umekonda wewe au ni shati limenenepa?" Nikajua hanichukii. Nikamweleza, ile sehemu ya Ijumaa nikiieleza haraka haraka.

Aliingia ndani akatoka na simu yake. Ile yenye kioo cha nyufa. Ina kaprogramu kake ka kuchezea nyimbo kadogo, ka bure, kanaonyesha nukta tu inayotembea. Akabonyeza. Mvua ikaanza kunyesha pale uani, Mogaka, na jua linawaka.

Alikuwa nao siku zote. Ulimtumia siku ile ile tuliyorekodi. Kerubo akaniambia ulimwagiza, "Usimwambie Ombati kwamba unao, ataliuzia soko zima." Kaka! Mimi niliyeshika simu! Mimi niliyelowa mvua ya bati lile linalovuja! Hukuniamini hata kwa hilo. Ndiyo, ningeliuzia soko zima. Hilo haliwezi kuwa sababu.

Nilitaka kukukasirikia vizuri, lakini ulifika pale pa kidole gumba, nikajisikia mwenyewe nikicheka humo ndani, na wewe ukakohoa. Kerubo alikuwa ameugeukia mkebe wa maziwa, anafunga kifuniko ambacho kilishafungwa. Ng'ombe zao wanatafuna. Tuliusikiliza mpaka ukaisha. Akanitumia kwenye simu yangu, akaniambia, "Msalimie mama. Mwambie siku akitaka kusikia na mimi, mlango upo."

Nilirudi Kebirigo na kumng'oa Meneja. Aling'ang'ania! Aliniuliza kama nina hakika. Akaniuliza sababu. Akaniambia atanikosa. Nikamwambia na wewe hutakosekana. Nikakitafuta Kibiriti kwenye flashi yako ya zamani, nikakirudisha, nikakigusa. Kikafunguka hujapepesa jicho. Sikujua mtu anaweza kukashukuru kadirisha ka kijivu. Nikakivutia wimbo wako, fimbo za kijani zikaruka.

Mama Mkubwa alikuja. Nilimfutia benchi kwa shati langu. Nikamwambia, "Mama, sasa ni mwenyewe." Nikabonyeza.

Alisikiliza mvua. Alisikiliza chai na vidole. Ulipofika kwenye kidole gumba, nikacheka mle ndani, ukakohoa, ukasema, "Ombati, utaniharibia." Na yeye akasimama. Wimbo haujaisha, amesimama.

"Yaya," akasema. Yaani hapana. Kwa sauti ile aliyotukatazia kupanda mparachichi. "Huyu ni wewe, Ombati."

"Mama, ni yeye. Wallahi ni yeye." Hata nikaapa kiapo cha watu wa dukani mjini.

"Nimekusikia ukicheka. Unamwigiza mwanangu unanicheka. Mimi nimezeeka, sivyo?"

"Mama, hiyo ndiyo yenyewe, nimeitoa kwa Kerubo."

"Mwanangu hawezi kuniimba hivi. Hawezi kunikejeli, mbele ya watu, na amelala. Nichezee ile ya Jumapili ile nyingine. Ile ndiyo yake. Hiyo futa."

Nikasimama pale kama mti wa stima. Mtaalamu wa kutoka Kebirigo mpaka Nyamache, nikakizima Kibiriti. Na hajaishia hapo. Tunakuja kukuwekea saruji kaburini, ukoo wote unakuja, mzee wa kanisa ataomba. Mama Mkubwa amesema siku hiyo nilete spika kubwa uani kwake. Ameruhusu obokano ivuke mlango wake. Yeye! Amewaambia wazee, amewaambia wanawake wa chai, kila mtu anaisubiri. Ila lazima iwe ile anayoitaka yeye. Amenitumia mtoto mara mbili kunikumbusha isiwe ile ya kucheka.

Basi ile Jumapili niliyoiruka.

Alirudi, Mogaka, baada ya yule kijana wa vinanda. Alinikuta mlangoni akasema, "Umeshampata?" Macho yake, kaka. Huna bahati ya kuyaona na una bahati ya kutoyaona. Na mimi usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeitoa obokano kwenye gunia. Nimeipiga vibaya vibaya, mashine ya jirani inanguruma nje ikinifichia makosa. Sauti zetu za boma lile ni moja, hata mama yangu aliwahi kutuchanganya nyuma ya ukuta. Nikawasha simu inirekodi, nikaimba chai na vidole. Nikakohoa pale ulipokohoa. Kidole gumba nilikiacha, niliona aibu kumchokoza mtu aliyefiwa. Mahali pake pakabaki wazi, na ili pasibaki wazi nikaweka maneno yangu. Nikaimba kwamba Mama, ulinikataza na sina neno nawe, lala bila wasiwasi, nimekusamehe.

Nikamchezea. Aliweka kiganja chake juu ya spika kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alilia mpaka leso ikalowa, akasema, "Amenisamehe." Akaniletea ndizi na maziwa ya mala siku tatu mfululizo, na mimi nikazila na kuyanywa.

Kila mtu niliyemtaja juu alinisaliti kidogo. Meneja, Deno, wewe na siri yako ya Nyansiongo. Yote hayo ningeyanyoosha, wimbo nimeurudisha, upo, Kibiriti kinao. Lakini sasa hawezi kukusikia wewe halisi, na kukohoa kwako, na uchokozi wako. Anakusikia akasema ni mimi. Aliyekufuta masikioni mwake si Meneja.

Lala, Mogaka. Lala vizuri, mimi nitaendelea kufuta unga kwenye kompyuta. Nakuahidi, na wewe ni shahidi ingawa hujui neno lolote, kwamba spika haitafika uani kabla sijaongea. Ijumaa hii, jua likiwa bado juu ya chai, nitaingia jikoni kwa Mama Mkubwa, nimwombe aweke mwiko chini, nimwambie kwamba aliyemsamehe ni mimi.

Ndugu yako,
Ombati